Chupa ya Saba Niliyoichukua Mezani Penu

Wanangu, chupa yenu ninayo mimi. Najua mliitafuta. Siku ile ya maonyesho ya chuo chenu pale Makutano, mlipogeuka wote kumlaki mgeni wa heshima, mimi ndimi niliyenyoosha mkono, nikaichukua ile ya mwisho upande wa kulia, nikaitia mkobani kati ya leso na miwani. Baadaye nilimsikia mmoja wenu akimnong'oneza mwenzake, "Huyu mama amestaafu juzi tu, ameshaanza kubeba vya watu!" Nilijifanya sikusikia. Ukweli ni kwamba niliondoka haraka bila hata kufunga zipu.

Meza yenu ilikuwa nzuri. Mlikuwa mmekamua mafuta ya kula kutoka kwa mbegu ambazo watu huzitupa, mkayatia katika chupa saba, mkazipanga kwa mstari juu ya jani la mgomba mlilolitandika kwa urembo, na mbele yake mkaweka kadi: "Onja zote, moja baada ya nyingine." Nilipoiona meza ile nilisahau nilipo. Kwa muda sikuwa Makutano. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, nimesimama katika kijiji kilichozungukwa na handaki, na mbele yangu kuna vibuyu saba.

Mwalimu wenu aliniomba niwaandikie kumbukumbu za kazi yangu, akitumaini, nadhani, kwamba nitaandika habari za mashine na masoko. Nitaandika kidogo kuhusu hayo. Lakini kwanza nina deni la kueleza kwa nini mwanamke mzima, mwenye cheti cha chuo na wajukuu wawili, aliiba chupa ya mafuta ya mbegu za pasheni.

Kazi yangu katika karatasi za serikali iliitwa maendeleo ya akina mama. Watu wa kawaida, kuanzia Embu hadi Muthara, waliniita Mwalimu wa Mbegu, na wengine walinitania kwamba nikipita mahali kuku hulala njaa. Sikuanza hivyo. Nilitoka chuoni nikijua kupiga pasi kola ya shati, kuoka keki katika jiko ambalo hakuna mwanamke wa huku aliyekuwa nalo, na kupima uzito wa watoto wachanga. Baba yangu alikuwa mhubiri upande wa Embu. Nyumbani tulizungumza Kiembu mezani, lakini mila za Kiembu ziliachwa nje ya lango pamoja na mbwa. Sikufundishwa kipi kihesabiwe na kipi kisihesabiwe. Shikeni neno hilo.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ikipigana na wapigania uhuru waliokuwa msituni. Nilipelekwa kwenye kijiji kipya chini ya Githongo, huko Meru. Nasema kipya, ingawa hakuna aliyekitaka: watu walikuwa wameamriwa waache mashamba yao ya kahawa na migomba, wakajengewa vibanda vilivyosongamana mahali pamoja, wakachimbishwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa, na lango likabaki moja tu. Juu ya kilima kilichotazama lango ilikuwa posti ya homgadi, askari wa nyumbani waliowekwa kuwalinda watu na kuwachunga kwa wakati mmoja. Asubuhi wanawake walichimba. Mchana waliruhusiwa muda mfupi wa kukimbia mashambani kutafuta chakula, kisha lango likafungwa. Ng'ombe na mbuzi walikuwa wametawanyika, wengine wamechukuliwa. Katika vyungu vyote vya kijiji kile hamkuwa na tone la mafuta. Niliwapima watoto kila wiki, nikaona ngozi zikipasuka kama udongo wa kiangazi na uzito ukishuka, nami nikaandika vizuri kwa wino wa bluu.

Aliyenifumbua macho alikuwa mwanamke mmoja aliyeitwa Ciambaka. Tulimwita Ntaata, jina la heshima ambalo Wameru humwita mwanamke mtu mzima. Mpishi wa posti alikuwa na desturi ya kupasua maboga yaliyotoka katika mashamba ya wanawake hawa hawa, kisha kuutupa moyo wa boga na mbegu zake ng'ambo ya handaki. Ntaata aliomba ruhusa ya kuziokota, akisema ni za kuku. Hakuwa na kuku hata mmoja.

Siku ya kwanza nilimkuta amejaza karai. Nikataka kumsaidia, nikaziosha mbegu kwa maji matupu, nikazianika kwenye ungo. Kesho yake zilikuwa zimegandamana kama gundi.

"Mwalimu," akaniuliza, "hicho chuo chenu ni cha kusoma ama cha kulala?"

"Cha kusoma, Ntaata."

"Walikufundisha kuosha nini huko?"

"Vikombe. Na nguo. Na watoto."

"Basi hawa ni watoto. Mtoto aliyezaliwa sasa hivi humwoshi kwa maji matupu ukamwacha na utelezi. Leta majivu."

Majivu, wanangu. Sugueni mbegu za boga kwa majivu laini ya kuni kabla ya kuzisuuza, na ule utelezi utaachia. Anikeni kivulini penye upepo, si juani, kwani jua kali huzichachisha kabla hujazikamua. Kaangeni kwenye chungu kwa moto mdogo mkikoroga bila kusimama, hadi mbegu zianze kulia na kuruka. Zikinyamaza, mmechelewa. Twangeni hadi ziwe kama udongo wa mfinyanzi ulioshika mchi. Kisha tieni maji ya moto, kijiko kwa kijiko, mkikanda kwa mkono, na hapa hakuna kitabu kitakachowasaidia. Ntaata alikanda akiwa amefumba macho. Kidole chake cha shahada na cha kati vilimwambia lini donge limekubali. "Likikubali," alisema, "linatoa jasho." Na kweli, mafuta yalichuruzika kati ya vidole vyake, ya kijani iliyokoza, na harufu yake ilinifanya nione aibu kwa jinsi nilivyokuwa na njaa.

Mengine nilijifunza baadaye, na si yote kwa heshima. Nilipofika Mbeere niliwakamulisha akina mama mafuta ya kokwa za embe, nikayaacha kwenye debe, asubuhi nikawapigia kelele kwamba wameyachanganya na samli. Kumbe mafuta ya embe huganda yenyewe kwenye baridi. Mbegu za papai ziliwahi kunipa mafuta makali hata mume wangu akauliza kama nimepikia dawa ya minyoo. Mbegu ya parachichi niliitwanga miezi miwili kabla ya kukubali kwamba mafuta yako kwenye nyama yake, si kwenye kokwa. Mzee Salim, mfanyabiashara wa mjini Meru ambaye watu wake walikuja na misafara zamani wakabaki, ndiye aliyenifundisha kutochuja kwa pupa. "Binti yangu," alisema, "mafuta ni kama mgeni aliyechoka. Mwache akae. Takataka zake zitashuka zenyewe." Nyinyi leo mna mashine ya kukamulia kwa mkono, mnapata kwa saa moja tulichokipata kwa siku tatu. Nafurahi. Sina wivu na mashine.

Lakini turudi Githongo.

Nilikuwa msomi, na msomi hapendi kitu kifanywe kwa njia moja tu akaridhika. Niliamua tufanye majaribio. Nilimwandikia D.O., Mzungu aliyesimamia tarafa ile, ripoti ya kurasa mbili: kwamba mbegu za maboga zinazotupwa zingeweza kuwapa watoto mafuta, kwamba ningezitayarisha kwa njia mbalimbali, mbegu mbichi, zilizoanikwa, zilizokaangwa kidogo, zilizokaangwa sana, zilizooshwa kwa majivu, zisizooshwa, na zilizochanganywa na za papai, na kwamba akina mama wangeonja na kuchagua. Hesabuni wenyewe njia hizo. Mimi nilizihesabu, nikaona ni saba, nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Siku ya kuonja niliwaita akina mama wa darasa langu la kufuma, mchana kweupe, nyuma ya kibanda cha Ntaata. Sikuwa na vikombe. Nikachukua vibuyu vidogo vilivyokatwa, nikavipanga kwa mstari juu ya jani la mgomba, nikatia mafuta, nikawaambia waje mmoja mmoja, kila mtu achovye kidole na kulamba kuanzia kibuyu cha kwanza hadi cha saba, asiruke hata kimoja.

Hakuna aliyesogea.

"Njooni," nikasema. "Mnaogopa nini? Ni mafuta!"

Karimi, mke wa mwanawe Ntaata, msichana wa rika langu ambaye kwa kawaida hakuwa na breki mdomoni, aliinamisha kichwa akaangalia vidole vya miguu yake. Mwingine alivuta khanga akajifunika mdomo. Nikakasirika. Nikawaambia kwamba ujinga ndio unaowaua watoto wao. Ndiyo, nilisema hivyo, kwa wanawake waliokuwa wamechimba handaki tangu alfajiri.

Ntaata alikuja taratibu, akainama kana kwamba anapangusa jani, akakiokota kibuyu kimoja cha mwisho na kukificha ndani ya shuka lake.

"Ntaata, nimekuona," nikasema nikicheka. "Rudisha. Nimevihesabu."

"Hivi vinatosha, Mwalimu."

"Havitoshi. Ni lazima viwe saba."

Akanitazama. Sijawahi kuusahau mtazamo ule. Haukuwa na hasira. Ulikuwa wa mtu anayemwona mtoto akitembea kuelekea kisimani, naye amezibwa mdomo. Nilimnyang'anya kile kibuyu kwa mkono wangu mwenyewe, nikakirudisha mahali pake.

Nyinyi mliozaliwa baadaye lazima niwaeleze jambo ambalo kila mtu pale alilijua isipokuwa mimi. Saba, mugwanja kwa Kimeru na kwa Kiembu pia, ilikuwa hesabu ya kuogopwa. Wazee walikwepa kuhesabu mbuzi au watoto na kukomea hapo. Na katika miaka ile, watu walipolishwa kiapo cha siri cha kuwaunga mkono wapiganaji wa msituni, walilambishwa au kunyweshwa mara saba, mmoja baada ya mwingine, na vyombo vya kiapo vilikuwa ndivyo hivyo: kibuyu, na jani la mgomba. Mimi, binti wa mhubiri, nilikuwa nimeweka mbele ya wanawake wale, chini tu ya kilima cha posti, kila kitu kilichohitajika ili wote wapelekwe kizuizini. Wala hawakuweza kuniambia. Angethubutu nani kusema, "Mwalimu, hivi ndivyo kiapo kinavyolishwa"? Angeulizwa alijuaje. Kulijua jambo lile kulikuwa ushahidi tosha.

Headmani M'Ikiara, mkubwa wa posti, alitokea na homgadi wawili. Alikuwa mtu wa maneno mengi na kofia kubwa. Alipoona vile vibuyu, maneno yalimkauka. Nawaapia, mtu aliyetembea na bunduki alirudi nyuma hatua mbili.

"Nani amepanga hii?" akauliza, kwa Kiswahili, ili nami nisikie.

Akatutazama mmoja mmoja.

"Nimeuliza. Nani amepanga hii kitu hapa?"

Ndipo nilipoelewa. Sikuelewa yote, ila nilielewa nyuso. Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa fupi: mimi. Lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nikafikiria cheti changu, nikafikiria baba, nikafikiria kambi nilizosikia watu wakizinong'ona, na neno likarudi chini kama mate.

"Ni mimi," akasema Ntaata Ciambaka. "Huyu mtoto wa watu anafundisha kufuma tu. Hajui mambo ya jikoni, hata mbegu hajui kuosha."

Karimi alitoa sauti ndogo, kama ya mtu aliyechomwa mwiba. M'Ikiara hakutaka kuvigusa vibuyu. Aliagiza uletwe mti mrefu, akavipindua kimoja kimoja akiwa amesimama mbali na kugeuza uso kando. Mafuta ya wiki tatu yakaingia ardhini. Kisha wakamchukua Ntaata, nami nikabaki nimesimama na daftari mkononi.

Siku tatu. Nataka muisome vizuri hesabu hiyo, kwa maana ndiyo inayonitisha hadi leo kuliko ile ya saba. Siku ya kwanza nilijiambia kwamba wataona kosa na kumwachilia. Siku ya pili nilijiambia kwamba nikisema, tutafungwa wawili badala ya mmoja, na hiyo itamsaidia nani? Elimu, wanangu, ni hodari sana wa kumtafutia mwoga sababu. Siku ya tatu akina mama walikuja darasani, wote, wakakaa, wakatoa sindano zao. Hakuna aliyenitukana. Ningeshukuru kutukanwa.

"Karimi," nikasema, "si lazima uje leo."

"Tumekuja kufuma, Mwalimu," akajibu bila kuinua macho. "Tusipokuja, utaandika majina."

Nilitoka hapo hapo. Sikuvaa hata sweta. Nilitembea hadi ofisi ya D.O. nikiwa nimekwisha kujiona kizuizini, nikamwambia karani kwamba nataka kukiri. Nikaingia. Nikasema yote kwa Kiingereza changu cha chuo, nimesimama wima kama mtu anayesomewa hukumu: vibuyu ni vyangu, hesabu ni yangu, yule mama hana hatia, nifungeni mimi.

D.O. alinitazama, akavuta faili kutoka kwenye rundo lake, akaifungua. Ilikuwa ripoti yangu. Njia zote saba zilikuwa zimeorodheshwa, zimepigwa mstari kwa rula, na pembeni kuna sahihi yake ya kuidhinisha. Ilikuwa imekaa pale tangu wiki iliyotangulia.

Akacheka. Alicheka hadi akavua miwani akaifuta. Akamwambia karani kwamba wamemfunga mtu kwa sababu ya mafuta ya kukaangia. Akaandika mistari miwili kwenye karatasi, akagonga muhuri, akanipa. Labda mambo hayo yote hayakuchukua muda wa chai kupoa.

Nimeitafuta kwa miaka zaidi ya thelathini namna ya kueleza kilichonipata wakati ule, na sijaipata. Nilikuwa nimejiandaa kwa pingu. Kumbe kitu nilichokiogopa siku tatu kilikuwa kicheko. Neno moja, lililosemwa kwa mtu mmoja, siku ya kwanza, lingetosha.

Niliipeleka karatasi posti kwa miguu yangu. M'Ikiara aliisoma mara mbili, akaniuliza, "Kwa nini hukusema siku ile?" Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Nikamwonyesha tena muhuri.

Ntaata alitoka akijikinga macho na mwanga. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa. Walikuwa wamemtaka ataje majina ya waliolamba, na hakukuwa na majina ya kutaja, kwa kuwa hakuna aliyelamba. Kidole cha shahada na cha kati havikunyooka tena maishani mwake.

Tulitembea hadi karibu na kibanda chake. Ndipo aliposema, "Mwalimu, kilishinda kipi?"

"Kipi nini, Ntaata?"

"Kibuyu. Mafuta yapi yalikuwa matamu?"

Nikamwambia kwamba hakuna ajuaye, yalimwagwa. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, kana kwamba hiyo ndiyo hasara ya wiki ile. Tukarudia jaribio baada ya miezi miwili, kwa vibuyu sita. Yeye aliketi akaniongoza kwa maneno, mimi nikakanda, na kila nilipodhani donge limekubali alisema, "Bado. Wewe unalisikia kwa mkono, halafu unauliza kichwa." Yalishinda ya mbegu zilizooshwa kwa majivu na kukaangwa kidogo. Tulikaangia nduma, watoto wakala hadi wakalamba jani. Hiyo ndiyo njia niliyoifundisha kila mahali nilipopelekwa, na ndiyo mliyoikuta katika kitabu chenu cha chuo bila jina la Ntaata.

Siku nilipohamishwa nilimwomba msamaha, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, kwa maana sikuwa na ujasiri wa mara ya pili. Alikuwa anapepeta. Aliendelea kupepeta.

"Niliposema ni mimi," akasema, "nilidhani utasema hapana kabla sijafika langoni. Nilitembea polepole."

Nami sijaweza kuongeza chochote juu ya hilo.

Kwa hiyo mliponiona nikisimama mbele ya meza yenu kama mtu aliyepigwa na umeme, mjue nilikuwa nikiona mambo ambayo nyinyi, kwa bahati njema, hamuwezi kuyaona. Kwenu saba ni hesabu tu, na jani la mgomba ni urembo. Nafurahi kwamba ni hivyo. Nilifanya kile ambacho Ntaata alijaribu kufanya: nikaondoa kimoja, kimyakimya. Tofauti ni kwamba nyinyi hamkuninyang'anya.

Nimeyaonja mafuta yenu ya pasheni. Ni mazuri, ila mmeyachuja kwa pupa. Yaacheni yakae siku mbili zaidi. Chupa naituma pamoja na barua hii. Irudisheni mezani, mahali pake, ya saba, na jani lenu chini yake. Ila siku atakapokuja mtu, mwenye kofia au asiye na kofia, akauliza ni nani aliyepanga hivi, aliyepanga ajibu mara ile ile, kabla mtu mwingine hajaanza kutembea.